Julai ni mwezi wa ndege wenyeji

Nikisema naenda Dunga, kinamasi kilicho kando ya Ziwa Viktoria hapa Kisumu, kutazama ndege mwezi wa Julai, hakosi mtu wa kunishauri ningoje Oktoba. Ushauri wenyewe una mantiki. Julai ni kiangazi huko Ulaya, na mbayuwayu wanaojaa juu ya paa zetu mwishoni mwa mwaka wako huko wakilea makinda. Kwa anayehesabu aina za ndege kwenye daftari, huu ni mwezi wa hasara.

Mimi naona kinyume. Wageni wakishaondoka ndipo macho yanapotulia kwa wenyeji, na Kisumu tuna mwenyeji ambaye watu huvuka bahari kuja kumwona ilhali wengi wetu hatumjui: gonoleki wa mafunjo. Mgongo mweusi tii, tumbo jekundu la kung'aa, utosi wa manjano. Ungedhani ndege wa rangi hizo angeonekana kutoka barabarani. Wapi! Maisha yake yote yamo ndani ya mafunjo, kwenye vinamasi vya Ziwa Viktoria na vya nchi za karibu kama Uganda na Rwanda. Mafunjo hurefuka hata kumpita mtu mara mbili na zaidi, tena yamesongamana. Dume na jike huitikiana humo ndani kwa kasi hata ukadhani ni sauti moja.

Kwa hiyo huwatazami kwanza, unawasikiliza. Kijana aliyetupeleka kwa mashua aliniona nikizungusha darubini huku na huku, akacheka: "Dada, tulia kwanza. Msikize, usimtafute." Alikuwa amezima injini, na mashua ikaegemea ukingo wa mafunjo. Tulikaa hivyo hadi shingo ikaniuma. Kisha wekundu ukapita kati ya mashina mawili, ukatoweka. Basi. Kuna watakaosema ni kidogo mno kwa asubuhi nzima, nami siwezi kubishana nao. Mchezo huu haufai kila mtu.

Walio wazi wapo pia. Mdiria mweusi kwa mweupe huning'inia hewani akipiga mbawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele. Mnandi huanika mbawa juu ya miti ya nyavu. Juu ya magugu maji hutembea yule ndege wa vidole virefu kupita kiasi, ambaye kwao baba ndiye anayelalia mayai, na hatari ikija huwabeba makinda chini ya mbawa. Mama huenda kutafuta mume mwingine. (Mashua nzima ilikuwa na maoni juu ya hilo.)

Kinachonikera ni kwamba ukitaja ndege katika nchi hii, watu huwaza heroe (flamingo) tu. Heroe ni wazuri, sikatai. Lakini maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, chumvi ilipungua, mwani wanaoula ukapungua nao, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Heroe ana mbawa na maziwa ya kuchagua. Gonoleki hana kinamasi cha akiba. Mafunjo yakichomwa na udongo ukilimwa hadi ukingoni mwa maji, hana pa kwenda.

Hapo nataka nieleweke. Sina neno na akina mama wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka na vikapu. Yakikatwa kwa kiasi, huchipua tena kutoka kwenye mizizi. Moto na jembe ndivyo vinavyomaliza. Na mafunjo si ya ndege tu: huchuja uchafu kabla haujafika ziwani, na samaki aitwaye kamongo huishi humo. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda kupita rekodi ya 1964 na kuingia majumbani, tuliona jinsi ufuo usio na kinamasi mbele yake ulivyo bila kinga.

Shule nyingi za hapa Kisumu hupanga safari ya Nakuru, watoto wakasafiri saa nyingi kwenye basi kwenda kuona ndege. Dunga wanafika kwa boda boda. Darubini moja hutosha watoto watano wakipokezana, vijana wa pale wanawajua ndege kwa sauti, na saa tatu asubuhi kila mtu ameshamaliza, yuko ufukweni anangoja samaki ngege wa kukaanga. Shida pekee itakuwa kuwanyamazisha.