Jiko Lenye Mdomo

Nimepanga Mwanga, hapa hapa Kigoma, nyumba ya vyumba vinne na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kuishi hivyo ameshanielewa. LUKU moja kwa wapangaji wanne ni uke wenza bila mume, kutwa kuchunguliana. Kila chumba kinachanga 10,000 kwa mwezi, na bado kuna siku umeme unaisha saa mbili usiku, watu wanatoka koridoni na tochi za simu kutafuta mchawi.

Uniti moja kwetu ni shilingi 356. Ile ya 122 ni ya wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi, na sisi hizo 75 tarehe 20 haizikuti. Kijana wa chumba cha mwisho peke yake ana spika kubwa kuliko kitanda chake.

Basi mkaa ukapanda. Mama watoto akaniambia sufuria moja ya maharage inameza mkaa wa 1,500, kwa hiyo nichague, tule maharage mabichi au nitafute akili. Nikasema mimi tena! Serikali inataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Nisisubiri kuburuzwa.

Nikaanza na jiko la umeme la koili, kwa sababu lilikuwa rahisi. Koili inawaka nyekundu kama macho ya mlevi, joto nusu linaingia kwenye sufuria, nusu linatupika sisi. Maharage yalikaa saa mbili kwenye wati 1,500. Hiyo ni uniti 3, shilingi 1,068. Nimeukimbia moshi nikakutana na jua la Septemba ndani ya chumba.

Shemeji wa Dar akasikia shida yangu, akaniletea jiko la kioo, lile linalopika kwa sumaku. Zuri, jeusi, linang'aa. Nikaweka sufuria, likalia pii, pii, pii, likazima. Nikabadilisha sufuria, pii, pii. Kumbe linataka chombo kinachonata sumaku, na nyumbani kwangu sufuria zote ni alumini, tangu ile ya mahari mpaka ya kuogeshea mtoto. Sasa hivi tunalikatia vitunguu.

Ndipo nikanunua presha kuka ya umeme, 130,000, nikaiingiza usiku imefungwa kanga. Mama mwenye nyumba hataki kusikia mtu anapikia umeme. Yeye bado anaishi enzi zile Kigoma tukiwa nje ya gridi, umeme unatoka kwenye majenereta. Mpaka leo ukiacha taa inawaka mchana anakuambia unamaliza dizeli.

Siri ilidumu siku moja. Hakuna aliyeniambia kwamba jiko hili lina mdomo. Maharage yameiva, nabonyeza ile valvu juu ya mfuniko, likatoa mlio: shhhhhhh! Mvuke mpaka kwenye dari, harufu ya maharage mpaka chumba cha mwisho. Mlango ukagongwa kabla mvuke haujaisha.

"Baba, humo ndani unafuga nini?"

"Shikamoo mama. Ni... maharage."

"Marahaba. Maharage yangu mimi hayapigi kelele."

Kikao kikaitwa hapo hapo koridoni. Kijana wa spika, mwenye hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, ndiye aliyeongea kwa uchungu kuliko wote. Nikasema sawa, kesho njooni tukae mbele ya mita.

Kesho yake nikapima maharage kilo moja, yaliyolowekwa tangu asubuhi, nikasoma uniti mbele ya mashahidi, taa nyingine zote zikazimwa. Jiko likaanza, kile kitaa chekundu cha mita kikapepesa mbio. Mama mwenye nyumba akashika kifua. Baada ya kama robo saa kikatulia. Kikapepesa kidogo, kikatulia tena. Presha ikishapanda jiko linajizima lenyewe, linalala na joto lake ndani, likipoa kidogo linashtuka, linalala tena. Dakika 45, nusu uniti. Shilingi 178. Nikazitaja polepole kama hakimu. Kwa mkaa wa 1,500, tukila maharage mara tatu kwa wiki, kwa hesabu yangu jiko linarudisha hela yake kwa miezi minane.

Sisemi halina kasoro. Ugali wa muhogo haliuwezi, ukitia mwiko sufuria ya ndani inazunguka na wewe, kwa hiyo jiko la mkaa bado liko mlangoni. Na siku nilipopikia migebuka kwa mawese, ule mpira wa mfuniko ulishika harufu, uji wa mtoto ukanuka ziwa wiki nzima. Nimeusugua na limau. Limau ndiyo inayonuka migebuka.

Lakini kwenye maharage nilishinda. Hita ya kijana tukaipima pia, ndoo moja tu ya maji, ikala zaidi ya jiko langu. Akaingia chumbani kwake, spika haikusikika siku mbili.

Mama mwenye nyumba hakusema kitu. Alionja, akaongeza, akaondoka na sahani yangu. Alfajiri nikasikia mlango. Amesimama na bakuli la maharage yaliyolowekwa, na nyuma yake chumba cha pili ameshika makongoro.

"Mwanangu, si umesema 178? Nipikie na haya. Halafu mchango wako kuanzia mwezi huu ni 12,000, maana jiko lako linapikia nyumba nzima."