Si bustani ya wanyama na baa tu

Mwandishi mmoja anadai kwamba mkaaji wa Lubumbashi, mji wetu wa Kongo (DRC), anayetaka kutembea siku ya Jumapili hana pa kwenda ila bustani ya wanyama au baa. Sikubaliani naye. Biennale, yaani maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ya kundi la wasanii liitwalo Picha ipo tangu 2008, na katika Jumba la Makumbusho nilimpeleka mwanangu kuona misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya wazee wetu. Aliganda mbele ya kioo akiuliza jembe lilinunuliwa kwa misalaba mingapi, nami nikakosa jibu. Kinachokosekana ni matangazo, kwani habari za maonyesho huzunguka kwa Kifaransa miongoni mwa watu walewale wa katikati ya mji. Je, kuna msomaji wa mitaa ya Katuba au Kenya (mtaa wetu, si nchi) aliyewahi kualikwa?