Bamvua Lilivyonikuta Nimelala Chali

Nilifundisha jiografia miaka 31, na katika miaka yote hiyo bahari nilikuwa naijua vizuri kuliko wavuvi. Nilikuwa naijua kwa chaki. Nachora duara kubwa, dunia. Duara dogo, mwezi. Halafu napaka rangi ya samawati pande mbili za dunia na kuwaambia wanafunzi kwamba hayo ndiyo maji yaliyovutwa. Shule yenyewe ilikuwa milimani, kwenye baridi ya kufa mtu, na darasa zima, mimi nikiwemo, hakuna aliyewahi kulowesha kidole kwenye maji ya chumvi.

Kwa hiyo nilipostaafu, magoti yakiwa yameshaanza kutabiri mvua, nilimwambia mke wangu tuhamie mji wa pwani. Nikamweleza kitaalamu: maji hupata joto polepole na kupoa polepole kuliko ardhi, ndiyo maana mji wa kando ya bahari haukaangi watu mchana wala haugandishi usiku. Mchana upepo unatoka baharini, usiku unatoka bara. Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huko kuna mtu wa kutubebea kabati.

Walimu wenzangu walinichangia zawadi ya kuagia: kiti cha kukunja, fremu ya chuma na turubai la kijani. Si kiti cha mchezo. Ukivuta mkono wa pembeni, mgongo unashuka, miguu inapanda, kitu kinafanya *kwaa!* kwenye springi, umelala kama mfalme. Siku ya kuagwa nilijaribiwa nacho mbele ya wanafunzi 400 wakapiga makofi. Ndoto yangu ikawa ni hiyo tu: kile kiti, mimi juu yake, bahari mbele.

Tulifika kama saa saba mchana, na kabla hata lori halijamaliza kushusha mizigo nikawa nimeshashuka ufukweni. Bahari ilikuwa inaondoka. Nikasimama pale hadi saa kumi, inaondoka tu, hadi ikaacha mchanga mtupu na kaa wadogo wanaokimbia ubavu. Nikakagua mchanga, nikaona mstari wa mwani. Nikajisemea, mwalimu, hapa ndipo maji yanapoishia. Nikahesabu hatua mbili kwenda juu, nikaweka jiwe jeupe kuwa alama ya kiti.

Mzee mmoja alikuwa karibu anashona wavu. Watu wote humwita Nahodha. Akanitazama nikiweka lile jiwe.

"Mwalimu, karibu. Mistari iko miwili."

"Mistari gani, Nahodha?"

"Ya mwani. Huo wako, na ule kule." Akaonyesha kwa kidevu, juu kabisa, karibu na mizizi ya miti, ambako kulikuwa na takataka kavu nilizodhani zimetupwa na watu.

Nikacheka kwa adabu. Nikamwambia mimi hayo mambo nimeyafundisha. Akasema, "Haya," akarudi kwenye wavu wake. Hiyo "haya" ningeisikiliza vizuri, nisingekuwa naandika hapa.

Wiki tatu zikaenda kwenye kufungua maboksi. Kiti kilikaa barazani, nimekifunika nailoni kisichafuke. Huku nyumba ikaanza kutuonyesha kwamba chumvi ya bahari haikai baharini. Mawimbi yakipasuka, upepo unabeba ukungu wa chumvi, na chumvi ikitua kwenye chuma inaita unyevu, unyevu unaita kutu. Kufuli la geti ndilo lililotangulia. Siku ya kumi likawa linataka mikono miwili na dua. Bawaba za mlango zikaanza kulia usiku kama paka. Mama watoto hakusema neno. Alichukua kichupa chake cha mafuta ya cherehani akazunguka nyumba nzima akidondosha tone hapa, tone pale. Alipofika kwenye kiti changu nikamzuia. Yale mafuta yangeniharibia turubai. (Hilo nalo liandikwe.)

Siku ya 22, baada ya chakula cha mchana, nikabeba kiti begani, nikashuka. Saa saba kasoro robo. Jiwe langu liko palepale. Maji yako chini, yametulia. Nikavua viatu, nikavipanga kando ya jiwe kama mtu anayeingia kwa mkwe. Nikakaa, nikavuta mkono. Haukutoka. Nikauvuta kwa nguvu za mstaafu aliyengoja wiki tatu. *Kwaaa!* Mgongo ukashuka, miguu ikapanda juu kuliko kichwa. Nikaona vidole vyangu vya miguu, nyuma yake bahari. Nikalala.

Kilichoniamsha ni baridi chini ya makalio. Nikadhani, kwa umri wangu, ni jambo jingine. Nikafungua macho na bahari ikawa si ya mbele tena, ni ya pande zote. Wimbi dogo likapita chini ya kiti, likarudi na kiatu.

Nikavuta mkono ili kiti kiinuke. Mkono haukuinuka. Springi ilikuwa imeuma na kutu na haina nia ya kuachia. Basi nitajiviringisha nishuke ubavuni, nikasema. Nikajiviringisha, suruali ikakataa. Kile kitanzi cha mkanda cha nyuma kilikuwa kimeingia ndani ya springi na kubanwa nayo. Mgongo wangu si wa kujipinda hadi huko. Njia ilibaki moja, kuiacha suruali kwenye kiti na kuondoka. Hatua 50 hivi kutoka pale vijana walikuwa wanacheza mpira.

Akapita mtoto wa miaka kama tisa na ndoo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama. "Unaoga?"

"Napumzika."

Akaondoka. Hapo maji yako kwenye mapaja, kwa sababu makalio na mapaja ndiyo yalikuwa sehemu zangu za chini kabisa. Baada ya kitambo akarudi na wenzake wawili. "Shikamoo, mwalimu!" Wote watatu kwa pamoja. Nikaitikia. Mtu ukiamkiwa na watoto huwezi ukajibu "nisaidieni". Unajibu marahaba, na ukishajibu marahaba, hadhi imerudi, utaishushaje tena? Wakakaa kwenye mchanga mkavu kunitazama.

Mimi kichwani nikawa nafanya hesabu, maana ndicho kiungo pekee kilichokuwa huru. Mwezi huchelewa kila siku, kwa hiyo maji nayo huchelewa kama dakika 50. Siku 22 mara 50 ni dakika 1,100, yaani saa 18 na dakika 20. Toa mzunguko mmoja, wa tangu maji kujaa hadi kujaa tena, saa 12 na dakika 25: zinabaki saa 5 na dakika 55. Siku ile ya kwanza maji yalikupwa saa kumi. Leo, basi, yanakupwa saa nne kasoro dakika tano usiku, na nusu ya mzunguko kabla ya hapo, saa kumi kasoro dakika 17, yanajaa. Nikaangalia saa ya mkononi. Saa nane kasoro robo. Yalikuwa yamebakiza karibu saa mbili za kupanda.

Halafu likanijia jambo la pili, na hili ndilo lililonitoa jasho ndani ya maji. Siku tuliyohamia mwezi ulikuwa nusu. Mwezi nusu, jua na mwezi vinavuta kwa kukingamana, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Huku wanayaita maji mafu. Ule mstari wangu wa mwani ulikuwa wa maji mafu. Jana usiku nilitoka nje nikaona giza tupu. Mwezi mpya! Jua na mwezi upande mmoja, vinavuta pamoja. Bamvua: maji yanapanda juu kuliko siku nyingine. Newton aliieleza dunia habari hizi mwaka 1687, nami nimezisahihisha kwenye mitihani kwa kalamu nyekundu, nikinyima watoto wa watu alama mbili mbili.

Nahodha akatokea na wavu begani. Akasimama, maji kwenye vifundo.

"Mwalimu. Maji."

"Nayaona, Nahodha."

"Yanapanda."

"Najua. Bamvua."

"Ah, kumbe unajua." Akajitwisha wavu vizuri, akaendelea na safari.

Nilimwacha aende hatua kama sita. Wimbi likanifika kitovuni.

"Nahodha!"

"Naam."

"Suruali imeshikwa."

Hakucheka. Nitamheshimu kwa hilo hadi naingia kaburini. Alijaribu mkono wa kiti, akatikisa kichwa, akawapigia mluzi wachezaji mpira. Wakaja vijana wanne, wakaniamkia mmoja mmoja, nikawaitikia mmoja mmoja. Kisha wakashika fremu, pembe nne, wakaniinua na kiti changu kama nilivyo. Msafara ukapanda mjini: Nahodha mbele, mimi juu miguu ikitangulia, watoto nyuma na ndoo, maji yananichuruzika.

Mke wangu alikuwa barazani anashona. Aliinua macho akaona umati umekaa kimya (walikuwa wananionea haya tu), wanaume wanne wamebeba mtu amelala chali, miguu mbele. Yowe alilopiga lilitoa majirani wa mitaa miwili. Ikabidi ninyooshe mkono nimpungie.

"Mama watoto, mimi mzima."

Akanyamaza. Akanitazama kuanzia miguuni, akazunguka nyuma ya kiti, akachungulia springi. Akaingia ndani. Akatoka na kile kichupa. Tone moja kulia, tone moja kushoto, akangoja kidogo huku amejishika kiuno, mbele ya mtaa mzima. Kisha akausukuma mkono wa kiti kwa kidole kimoja.

Kiti kiliinuka kwa hasira zote za wiki tatu. Nikajikuta nimesimama wima katikati ya baraza, peku, kipande cha suruali kimebaki kwenye springi. Vijana wakapiga makofi. Makofi yaleyale ya siku ya kuagwa.

"Pole, baba watoto," akasema. "Turubai halijachafuka."

Kesho yake nilikaa tena na hesabu zangu. Kama jana yalijaa saa kumi kasoro dakika 17, leo yatajaa saa kumi na dakika 33. Nikashuka mapema, nikasimama juu kabisa, kwenye ule mstari wa pili karibu na mizizi, Nahodha pembeni anashona wavu. Saa kumi na nusu na ushee kiatu changu cha kushoto kikaja kinaelea, kikatua mbele yangu taratibu.

Cha kulia bado nakihesabia.