Shemeji na Ufuo Usioenda Popote

Shemeji ana msimamo mmoja kuhusu safari: mahali ambapo hujakimbia, hujafika. Kwenye begi lake viatu vya mbio huingia kabla ya mswaki. Kwa hiyo tulipofika mji ule wa pwani, hata funguo za chumba hatujapewa, alikuwa ameshaninyooshea kidole rasi iliyokuwa mbali kule, yenye mnara wa taa juu yake. "Shemeji, kesho jioni jua linatukuta pale."

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, hilo simnyimi. Kilomita 5 kwenda, 5 kurudi, mchanga mtupu, hakuna barabara ya kuvuka wala kona ya kupotelea. Bahari iko mkono wa kulia ukienda, wa kushoto ukirudi. Ukiwa ugenini, njia ya kwenda na kurudi pale pale ni salama kuliko ya mzunguko, maana chochote utakachokutana nacho ukirudi, umeshakipita ukienda. Ila kanuni hiyo inategemea jambo moja dogo, kwamba wakati wa kurudi njia bado itakuwepo.

Nikamuuliza kama ametazama jedwali la kupwa na kujaa kwa maji.

"La nini? Ufuo si mtu, hauendi popote."

Basi ufuo huenda, tena una ratiba. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku mambo yanasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mtu akikwambia "jana saa tisa na nusu mchanga ulikuwa mpana," leo tafuta mchanga huo saa kumi na dakika ishirini. Kiasi cha maji nacho kinategemea ulipo na mwezi ulivyo. Mahali pengi kwenye Bahari ya Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, na mkimbiaji anaweza kuzeeka bila kujua kitu kinachoitwa kupwa. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 16, yaani jengo la ghorofa kadhaa linazama na kuibuka mara mbili kwa siku. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, huwa mapole. Bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji hutoka mbali sana na kurudi mbali sana. Siku yetu mwezi ulikuwa mpevu.

Jedwali lilisema kupwa ni saa 10:20 alasiri, na tofauti ya maji ni mita 3.6. Mbio za ufuoni zina hesabu nyepesi: geuza pale maji yanapokuwa chini kabisa, ili ukienda yawe yanakukimbia na ukirudi yawe bado hayajaamka. Kwa mwendo wetu wa dakika 7 kwa kilomita, hiyo ni kutoka saa 9:45 na kuwa tumerudi saa 10:55. Shemeji akakataa katakata. Saa 9:45 jua ni kali, na yeye kaja kupiga picha za machweo, saa 12:30. Tukaondoka saa 11:10.

"Si umesema kupwa ni saa kumi na dakika ishirini?" akaniambia tukiwa tunafunga kamba. "Imepita karibu saa nzima na maji yako kule kule. Unaona?"

Nilinyamaza. Ukibishana na shemeji, kesi inasikilizwa na dada.

Lakini hapo ndipo wageni wengi wanaponasa, maana macho yake hayakumdanganya. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawanya mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3.6 kila fungu ni sentimita 30. Saa ile ya kwanza, ambayo Shemeji aliitumia kunidharau, bahari ilikuwa imepanda sentimita 30 tu, na kwenye ufuo mpana hizo huzioni. Saa ya tatu peke yake hupanda sentimita 90.

Mwanzo tulikimbia raha mustarehe. Mchanga mzuri ni ule uliolowa na kushikana, hatua chache juu ya mstari wa maji. Unyayo ukiacha alama nyepesi, upo mahali pake, na ukizama hadi kisigino, teremka kidogo. Ufuo umelalia upande wa bahari, kwa hiyo mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake, na nyonga zinalijua hilo kabla yako. Kwenda na kurudi kunasawazisha, kila mguu unapata zamu yake. Upepo ulitusukuma mgongoni. Shemeji akasema yuko vizuri leo. Nikamkumbusha kwamba upepo huo huo tutarudi nao usoni, na kwamba mwenye akili huanza kwa kuupinga akiwa bado na nguvu. Akaongeza mwendo.

Kama kilomita moja na nusu hivi tukakuta hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kuelekea kwenye mikoko. Ilikuwa saa 11:20. Maji ya kifundo cha mguu. Shemeji alivuka akinyanyua magoti juu kwa madaha, akaniomba nimpige picha, akarudi akavuka tena kwa sababu ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Kwenye mnara tulifika kabla ya saa kumi na mbili, na hapo mbio zikaisha zikaanza picha. Picha amesimama, picha ananyoosha misuli asiyojua jina lake, picha ameilegeza kamba ya kiatu kimoja ili aonekane amechoka kishujaa. Hiyo kamba ya kiatu cha kushoto naomba uikumbuke. Jua likazama saa 12:30 kama lilivyoahidi, jekundu kabisa, na kwa haki lilikuwa jambo la kusafiria. Tukageuka.

Ufuo haukuwepo. Ule mchanga mgumu wote ulikuwa chini ya maji, tukabaki na ule wa juu, mkavu, unaomeza mguu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga laini kunagharimu nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu, na sababu mojawapo ni kwamba kila hatua unausukuma mchanga badala ya kujisukuma wewe. Ongeza upepo wa usoni. Kilomita iliyotuchukua dakika 7 ikawa ya dakika 9 na matusi. Giza nalo, karibu na ikweta, halikusubiri. Jua likishazama una dakika ishirini na kitu za kuona unakokanyaga.

Tulipofika kwenye hori ilikuwa imeshapita saa moja usiku. Fanya hesabu ya mafungu: tangu tuvuke, maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita moja na robo. Maji ya kifundo yalikuwa sasa ya kifua, na kifua chenyewe ni changu. Shemeji ni mfupi.

Hapo saa yake ya mkononi ikalia. Alikuwa amebonyeza "rudi ulikoanza", na saa nyingi za namna hiyo zikiambiwa hivyo hutoa mshale wa kwenda moja kwa moja, bila kujali kilichopo katikati. Mshale ukaonyesha ng'ambo ya maji. Umbali: kilomita 1.4.

"Saa imesema hapa," akasema Shemeji, akaanza kuvua fulana.

Nikaokota kijiti nikakirusha. Hicho ni kipimo cha bure na kinatosha: kijiti kikienda haraka kuliko mtu anayetembea, usiingie, hata kama maji ni ya magoti, maana maji ya magoti yenye kasi yanamwangusha mtu mzima. Kijiti chetu kiligusa maji kikaondoka kuelekea kwenye mikoko kwa mwendo ambao Shemeji hajaufikia tangu azaliwe. Akakisindikiza kwa macho mpaka kikapotea, akavaa fulana.

Tukageukia bara, kando ya mikoko, tukitafuta njia ya miguu. Tukapata tope. Tope la mikoko linashika kiatu kwa sababu ukivuta mguu juu, chini ya unyayo panabaki uwazi usio na hewa, na uwazi huo unavuta kwa upande wake. Dawa ni kutovuta moja kwa moja. Chezesha kisigino kushoto na kulia mpaka usikie maji yanaingia, elekeza vidole chini, kisha toa mguu taratibu. Nilimweleza yote hayo Shemeji nikiwa nyuma yake. Akaelewa, akaitikia, kisha akavuta kwa nguvu zote. Mguu ulitoka. Kiatu cha kushoto, kile chenye kamba ya picha, kikabaki. Tope likajifunga juu yake likawa laini, kama halijawahi kukanyagwa. Alizamisha mkono hadi kwapani akatoka na mzizi.

Simu ilikuwa kwangu, ndani ya mfuko wa plastiki, kitu pekee tulichofanya vizuri siku ile. Lakini kioo cha simu kinasoma umeme mdogo wa kidole, na tone la maji nalo linasomeka kama kidole. Nikiitoa kuwasha taa, ikafungua kikokotoo, ikapiga picha ya goti, ikampigia dada. Alama ya kidole ikagoma. Ngozi iliyoloweka na kujikunja huwa si ile iliyosajiliwa. Futa simu, futa na kidole, kwa nguo kavu. Hatukuwa na nguo kavu. Nikaifuta kwenye nywele za Shemeji, kwa idhini yake.

Mwisho tukaona taa na ukuta wenye mlango mdogo. Ilikuwa nyumba ya wageni ya watu wengine. Mlinzi, mzee wa makamo, akatumulika kuanzia juu hadi chini, na pale chini akakawia kidogo, kwenye mguu usio na kiatu.

"Hamjambo vijana. Mnatokea wapi?"

"Shikamoo mzee. Tunatokea baharini."

"Marahaba. Boti yenu iko wapi?"

"Hatuna boti."

Akafikiri. "Sasa mmetokaje baharini bila boti?"

"Tulikuwa tunakimbia, mzee wangu," akasema Shemeji kwa unyenyekevu.

Mlinzi akazima tochi mara moja, akachungulia gizani nyuma yetu. "Mnamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu. Tunakimbia tu."

"Watu wazima wawili. Usiku. Mmelowa. Mmoja kapoteza kiatu. Na hakuna anayewafukuza."

"Ni mazoezi."

"Ya nini?"

Shemeji akanitazama nimsaidie. Sikuwa na la kumsaidia. Mlinzi akatuuliza tumefikia wapi, na Shemeji akasema "ile nyumba nyeupe yenye lango la bluu," na mlinzi akasema zote ni nyeupe na malango yote ni ya bluu. Kabla ya kutoka kukimbia mji usioujua, piga picha ya kibao cha mlangoni, jina na namba ya simu vikisomeka. Mimi nilikuwa nayo, ila ilinibidi nifute simu tena kichwani mwa Shemeji mbele ya mlinzi, na hilo halikutuongezea heshima.

"Kumbe ni pale," akasema. "Mlipita horini saa ngapi?" Nikamwambia. "Leo bamvua. Hapo hata mbwa havuki baada ya saa kumi na mbili." Akatuelekeza: nje ya lango kuu, barabara ya lami, daraja, kisha kilomita 4.

Barabara usiku ina sheria zake. Kaa upande ambao magari yanakujia usoni, uyaone na yakuone. Kimbieni mmoja nyuma ya mwingine. Mwenye nguo nyeupe atangulie. Fulana ya Shemeji ilikuwa nyeupe asubuhi ya siku ile. Tukaishika taa ya simu chini, kuelekea miguuni, maana ukimmulika dereva machoni umempofusha na wewe ndiye uliye mbele yake. Shemeji aliomba tutembee, kwa sababu ya kiatu. Mguu mmoja wenye kiatu na mwingine mtupu hufanya mwendo wa kuchechemea, na ukiulazimisha kwa kilomita kadhaa unaamka na kiuno kilichopinda. Afadhali uvue na kile cha pili kama lami ni safi, au utembee. Tukatembea. Alikuwa kimya mpaka darajani, akachungulia maji yanavyoingia chini yake, akasema kwamba lawama zote ni za ile saa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaamka, picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la familia: Shemeji mbele ya mnara, jua begani, na maneno, "Mbio za jioni. Kilomita 14. Njia tambarare, mandhari safi, naipendekeza kwa wote." Wajomba walimpongeza, shangazi akamwombea afya, na mtu mmoja akauliza kama njia hiyo inafaa watoto.

Dada akaandika mara moja tu: "Kiatu cha kushoto kiko wapi?"

Shemeji bado anaandika.