Nilidai Changu Ascot, Farasi Bado Anakimbia

Ukiweka dau kwenye Gold Cup pale Ascot, Uingereza, soma umbali kabla ya kusoma majina ya farasi. Mimi nilianza na majina.

Mbio hizo, zilizoanza 1807, ni za maili mbili na nusu, kama mita 4,000 hivi, ilhali mzunguko mzima wa uwanja haufiki maili mbili. Kwa hiyo farasi huachiwa kule mbali kwenye mnyoosho, wakapita mbele ya jukwaa na nguzo ya kumalizia, kisha wakazunguka uwanja wote ndipo wamalize. Hilo nilikuwa nalijua, wallahi. Lakini tangu saa nane mchana akili yangu ilikuwa imeondoka na magari ya kifalme ya kukokotwa na farasi yaliyopita kwenye nyasi zile, desturi ya tangu 1825, na haikuwa imerudi.

Halafu kulikuwa na kofia. Eneo la watazamaji la Queen Anne, nilikokuwa, mwanamume huingia kwa suti na tai, na mwanamke lazima awe na kitu kichwani. Mama aliyesimama mbele yangu alivaa ungo mzima uliochomekwa manyoya. Nilibakiwa na upenyo mmoja tu, na kwenye upenyo huo palikuwa na ile nguzo, basi.

Dakika moja na kitu, vishindo! Shati la njano la mpanda farasi wangu likapita nguzo likiongoza. Nikamkumbatia babu wa watu nisiyemjua, nikateremka ngazi mbiombio, mkeka mkononi: pauni 20, kwa nane kwa moja, yaani kila pauni inaleta nane, ukijumlisha na dau langu ni 180.

Kwa mpokea dau hapakuwa na foleni. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Mzee, shikamoo. Nimefuata changu."

Akautazama mkeka, akatazama uwanjani. "Kijana, farasi wako yuko kule Swinley Bottom. Mwache afike kwanza."

Swinley Bottom ndiko bondeni kabisa. Kutoka pale ni kupanda zaidi ya mita 20 hadi nguzoni, na farasi aliyejitia kuongoza tangu mwanzo hulipia hapo hapo, kwa sababu mnyoosho wa mwisho ni kama mita 500 tu na pumzi ikishakata kilimani hairudi. Wangu alipanda kama punda wa maji.

Tukingoja, mzee akanipa darasa. Malkia Anne alipoanzisha uwanja huu 1711, farasi saba walishindania gini 100, fedha ya Uingereza ya zamani, kwa mikondo mitatu, kila mkondo maili nne.

"Siku zile," akaniuliza, "ungekuja kudai mara ngapi?"

Wangu aliingia wa tisa. Nilipogeuka niondoke, foleni ilikuwa tayari imejipanga. Wa kwanza kabisa, mkeka mkononi, ni yule mama mwenye ungo.