Nyasi za matandazo zinatoka wapi?

Inua matandazo, yaani nyasi na majani makavu yaliyofunika udongo, kwenye shamba la migomba la Kagera mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimeshika, uone. Udongo ni mweusi, wa baridi, na minyoo inajikunja kukwepa mwanga. Sogea hatua tatu hadi pale palipoachwa wazi: ardhi imekakamaa na jembe linadunda. Anayebisha faida ya matandazo aanzie hapo. Yanatunza unyevu, yanavunja kishindo cha matone ya mvua, yanabana magugu, na yakioza yanarutubisha. Ndiyo maana mabwana shamba hawachoki kutuhimiza tusiiache ardhi wazi.

Nakubaliana nao. Linalonisumbua ni kwamba wanaohimiza ni nadra kuuliza hizo nyasi zitatoka wapi.

Kwa Wahaya, wenyeji wa Kagera, jibu lilikuwepo tangu enzi. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kililishwa na rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi. Ng'ombe walishinda rweya wakila nyasi, jioni wakarudi na samadi yao. Nyasi nazo zilikatwa huko, zikafungwa mizigo, zikaletwa migombani. Mgomba unakula potasiamu, kirutubisho cha udongo, nyingi mno, na kila mzigo wa nyasi ulileta kiasi chake. Kibanja kilinenepa kwa kuwa rweya ilikonda. Tukisema matandazo yanaongeza rutuba, tuseme pia kwamba mara nyingi yanaihamisha tu.

Leo sehemu ya rweya ni misonobari na mikaratusi, na kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Mwenye nusu eka asiye na pa kukata nyasi akiambiwa atandaze, atandaze nini? Na hata zikipatikana, mzigo ule unapanda kichwani, na kichwa chenyewe mara nyingi ni cha mwanamke aliyekwisha kuchota maji na kutafuta kuni.

Wapo pia wanaolalamikia fukusi, mdudu anayetoboa mgomba, na wana haki: matandazo yaliyosongamana shinani ni maficho yake mazuri. Hilo lina dawa nyepesi, kuacha nafasi kuzunguka shina. Zito zaidi ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa migomba uliobainika Kagera mwaka 2006. Unasafiri na panga. Anayekata majani ya mgomba mmoja baada ya mwingine ili apate matandazo, bila kupitisha panga kwenye moto, anaweza kuusambaza kibanja kizima kwa asubuhi moja.

Kwangu mimi, matandazo yaanze na kilichomo shambani: mgomba uliovunwa upasuliwe na kulazwa palepale, na kingoni paoteshwe majani ya guatemala, ambayo hata ng'ombe anayala. Lakini hayo hayazibi pengo lote. Mikungu inayopakiwa kwenye lori kwenda mjini inaondoka na potasiamu yake, na maganda yake yataishia jalalani huko huko. Ndizi inayoliwa nyumbani hurudisha ganda. Ya lori hairudishi kitu. Kwa hiyo simlaumu mkulima auzaye sana akinunua samadi kwa jirani, au hata mfuko wa mbolea ya dukani, akauweka chini ya matandazo yake. Simwoni kuwa amekiacha kilimo endelevu. Amelipa deni ambalo zamani rweya ilimlipia.