Saiti ya Mahakama Haina Mwenyewe

Jengo la mahakama likikwama huku kwetu Pwani ya Kenya, jawabu ni lile lile: pesa hakuna. Mkandarasi atakwambia hivyo, karani wa masijala atakwambia hivyo, na muuza chai ng'ambo ya lango naye atatikisa kichwa kukubali. Sibishi sana. Mwaka 2018 Mahakama iliomba shilingi bilioni 31.2, ikaambulia bilioni 14.5, na Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akalalamika hadharani kuwa fungu la maendeleo lilikuwa limebaki shilingi milioni 50. Kwa nchi nzima! Hapo hata mimi ningelia.

Ila nimefanya ukadiriaji majenzi, yaani kupima kazi na kupiga hesabu ya gharama, kwenye saiti za serikali kati ya Malindi na Lamu, na miradi yenye pesa nayo nimeiona ikilala. Saruji imejaa stoo, nondo zimeshuka, mafundi wako chini ya mwembe wanacheza karata kwa sababu kuna barua inangoja jibu. Kwa maoni yangu ugonjwa mkubwa uko kwenye mpangilio wa ofisi, na huo hautibiwi kwa bajeti.

Hebu tuwahesabu wahusika. Afisa mhasibu, yaani mwenye kujibu kwa kila shilingi inayotumika, ni Msajili Mkuu wa Mahakama, yuko Nairobi. Michoro na usimamizi mara nyingi hutoka kwa wataalamu wa Kazi za Umma, idara ya serikali ya majengo, ambao mabosi wao wako wizarani, yaani mhimili mwingine kabisa wa dola. Zabuni zina watu wake. Malipo yana watu wake. Na wale watakaokaa ndani ya jengo lile hadi wastaafu, hakimu, kadhi, karani, askari wa magereza, hao huitwa siku ya kukata utepe. Wazee walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hiki chetu hakina nahodha hata mmoja, kimejaa makarani.

Kuna mradi mmoja, sitautaja, ambao kuta zilikuwa zimefika linta, kimo cha juu ya milango, ndipo hakimu alipofika kuutazama kwa mara ya kwanza. Akazunguka, akasimama mlango wa selo, akauliza, "Fundi, mahabusu watapita wapi kwenda kizimbani?" Fundi akanyoosha mwiko: "Hapa hapa, Mheshimiwa." Hapo ni korido ile ile ambayo mashahidi wangekaa kwenye benchi wakingoja kuitwa. Yaani mtu aliyeshtakiwa kwa kumvunjia mama nyumba apite na pingu zake akigusana magoti na mama huyo. Mahakama hutaka njia tatu zisizokutana: ya hakimu, ya mahabusu na ya wananchi. Karani yeyote wa kortini analijua hilo. Aliyechora alikuwa fundi hodari wa ofisi na madarasa, na hakuna aliyemkutanisha na karani.

Kurekebisha kulikuwa ni ukuta mmoja na milango miwili. Kazi ya wiki chache. Lakini mabadiliko ya mkataba wa umma yana safari yake: mhandisi aandike, mimi nikadirie upya, kamati ikae, Nairobi itie saini. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imeweka mipaka pia. Bei ya mkataba haipandi ndani ya miezi 12 ya kwanza, na nyongeza zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Mipaka hiyo ni mizuri, imewekwa kuzuia wizi. Tatizo ni kwamba jibu lilipokuja, hakimu yule alikuwa amehamishwa, na aliyempokea alikuja na hoja yake, nayo ya haki kabisa: chumba cha watoto wanaotoa ushahidi kiko wapi? Tukarudi kwenye barua.

Ongeza kalenda. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Katika miradi niliyoiona mimi, malipo huanza kutiririka Machi na Aprili, na hapo kila mtu anahimizwa amalize kazi kabla hesabu hazijafungwa. Sasa muulize mtu yeyote wa Pwani kuna nini Aprili hadi Juni. Ni masika, na Mei ndiyo mvua yenyewe. Msingi unajaa maji, zege halimwagiki. Lamu ndiyo balaa zaidi: saruji ya kisiwani huteremshwa Mokowe, upande wa bara, na kuvushwa kwa chombo, na kusi likishika bahari inachafuka. Ukifika mjini, vichochoro ni vya punda. Tena ukitaka kugusa ukuta ndani ya Mji wa Kale, ambao ni urithi wa dunia tangu 2001, Makumbusho ya Taifa nao wana neno. Aliyepanga ratiba yule hajawahi kulowa Lamu.

Watu hutaja Hazina ya Mahakama, mfuko ambao Mahakama inausimamia yenyewe, kama dawa. Katiba ya 2010 iliitaja kwenye kifungu cha 173, sheria yake ikapatikana 2016, na kufanya kazi ikaanza 2022. Miaka kumi na miwili! Ni hatua, naipongeza. Lakini hazina inaleta pesa karibu, haileti mwenye jengo. Mradi wa Mahakama uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2012, mkopo wa dola milioni 120, angalau ulikuwa na kikosi chake maalumu. Shida ya vikosi vya namna hiyo ni kuwa umri wao ni umri wa mkopo.

Sheria ile ile ya 2015 inasema mkataba mkubwa wa kitaalamu uundiwe timu ya utekelezaji, na ndani yake awemo aliyeagiza kazi. Basi "aliyeagiza" asiwe mtu wa Nairobi aliyejaza fomu. Awe ofisa wa kituo chenyewe, aingie tangu mchoro wa kwanza, asihamishwe mpaka funguo zikabidhiwe, na apewe uwezo wa kuidhinisha mabadiliko madogo hapo hapo, ukuta mmoja na milango miwili, ndani ya kiwango kilichoandikwa.

Najua mtaniambia mkimpa mtu saini Lamu, ataila. Huenda. Ila saini za mbali hazijatuepusha na madeni ya wakandarasi, na mwizi wa karibu huonekana na mji mzima. Bango la saiti tayari linataja mkandarasi, msanifu, mhandisi na mkadiriaji. Kwenye mstari wa mteja huandikwa "Mahakama" tu. Hapo pawekwe jina la mtu, cheo chake na namba ya simu inayopokelewa.